Mtoto anayefundishwa nyumbani naye apangiwe hatua ya mbele

KILA mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, wazazi wa mijini ambao kwao ni Kitui na Makueni huketi na kalamu. Karo ya huyu, sare ya yule, vitabu, nauli, sanduku la anayekwenda bweni. Hesabu hufanywa mara mbili, mara tatu, na mwishowe njia hupatikana. Lakini katika familia nyingi kuna mtoto ambaye jina lake halimo katika karatasi hiyo. Yuko mashambani kwa nyanya yake, au kwa susu kama wasemavyo Wakamba, kwa sababu hawezi kutembea, au hawezi kusema, au akili yake hukua polepole kuliko ya wenzake. Huyo hutumiwa pesa za unga na sabuni, basi.

Nionavyo, ubaya si kwamba mtoto huyo anafundishiwa nyumbani. Wako watoto ambao kwa sasa nyumbani ndipo mahali panapowafaa, na wako akina nyanya na shangazi wanaowafundisha mambo mengi bila cheti chochote. Ubaya ni kwamba hakuna anayeuliza: akishajua haya, afuate nini? Mtoto wa shule ana darasa la mbele. Huyu wa nyumbani hufundishwa kushika kijiko akiwa na miaka mitano, na akifika miaka kumi na mitano bado anafundishwa kushika kijiko. Wakati huohuo mwili wake hausubiri. Misuli inakazana, mgongo unapinda, na yale ambayo yangewezekana jana leo hayawezekani tena. Ndiyo maana jambo hili ni la ukurasa wa afya kama lilivyo la elimu.

Ni watoto wa aina gani?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika Kitui na 987,653 katika Makueni. Kwa Kenya nzima, watu wa umri wa miaka mitano na zaidi waliotajwa kuwa na ulemavu walikuwa asilimia 2.2, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu zaidi. Yafaa ikumbukwe pia kwamba karani wa sensa huandika anachoambiwa mlangoni. Mtoto ambaye wenyewe hawakumtaja hayumo katika hesabu hiyo.

Wengi wa wale wasioweza kabisa kufika shule wana mtindio wa ubongo. Hii ni hali inayotokea ubongo wa mtoto unapoumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Pengine mama alishikwa na uchungu kwa muda mrefu na mtoto akakosa hewa. Pengine macho na ngozi ya mtoto viligeuka manjano siku za kwanza na asitibiwe upesi. Pengine alipata malaria iliyopanda kichwani, au ugonjwa wa utando wa ubongo. Si laana, si kurogwa, wala si malipo ya dhambi ya mtu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa ni hili: lile jeraha la ubongo lenyewe haliendelei kukua mwaka hadi mwaka. Kinachoharibika ni mwili uliolazwa mahali pamoja bila mazoezi, bila kiti kinachofaa na bila chakula kinachomezeka. Uharibifu huo waweza kuzuiwa au kupunguzwa, na kuuzuia ni sehemu ya masomo ya mtoto huyo.

Mbali na mtindio wa ubongo, wako watoto wenye hali iitwayo Down, wenye usonji, wenye kifafa kisichotulia, na wale wasioona wala kusikia. Kwa hawa wote umbali ni adui. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000. Ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi mjini Kitui imewekwa lami, lakini mtoto haishi barabarani. Anaishi ng'ambo ya mto wa mchanga, na mwenye kumbeba mgongoni ni mama wa miaka sitini.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizochanganyika na jamii, kwa kiasi kinachoambatana na maslahi yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto shule. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi waliotaka wakubaliwe kuwasomesha watoto wao nyumbani badala ya shuleni.

Je, susu anayemfundisha mjukuu wake nyumbani anavunja sheria? Sidhani kwamba kuna afisa atakayemfuata. Sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inatambua kwamba wapo watakaofundishiwa nyumbani au hospitalini. Lakini maana ya sera hiyo si kwamba mtoto aachwe nyumbani. Maana yake ni kwamba nyumba iwe tawi la shule: mtoto aandikishwe, apimwe, mwalimu amjue, na masomo yake yaandikwe. Nyumba isiyo na uhusiano wowote na shule ni maficho tu, hata kama waliomo wanampenda mtoto.

Hatua, si umri

Wazazi wengi hawajui kwamba mtaala wa umilisi una njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya gredi tunayoizungumza kila siku. Ya pili ni ya hatua, iliyowekwa kwa ajili ya watoto wasioweza kufuata gredi, wakiwamo wenye ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo wa kiwango kikali, na wale wasioona wala kusikia. Njia hii ina ngazi nne: ya msingi, ya kati, ya maandalizi ya ufundi, na ya ufundi wenyewe. Mtoto hupanda ngazi kwa kuwa ameweza, si kwa kuwa ametimiza miaka fulani. Baraza la Mitihani la Kitaifa nalo limetayarisha tathmini zake, KILEA kwa ngazi ya kati na KPLEA kwa maandalizi ya ufundi.

Katika ngazi ya msingi mtoto hujifunza kuwasiliana, kujitunza mwilini, kutumia mikono na hisi zake, na mwanzo wa kuhesabu. Yaani yale yale ambayo susu amekuwa akiyafundisha kila asubuhi bila kujua kwamba yana jina katika mtaala. Mwenye kuamua mtoto yuko ngazi gani ni kituo cha tathmini kinachojulikana kwa herufi EARC. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na hushughulikiwa na walimu waliosomea kazi hiyo.

Ili mambo haya yasibaki hewani, tuchukue watoto wawili. Si watoto wa familia fulani. Ni mfano tu, lakini muuguzi au mwalimu wa sehemu hizo atawatambua upesi.

Mtoto wa kwanza: mvulana wa Mutomo

Ana miaka tisa. Miguu yake imekakamaa, mikono haimtii vizuri, na hasemi. Lakini ukimwambia kwa Kikamba kwamba mbuzi ameingia jikoni, anacheka na kugeuza macho kuelekea jikoni. Anaelewa. Kwa miaka mitatu susu amemfundisha majina ya vitu, kushika kijiko kizito, na kuhesabu maharagwe hadi matano. Wazazi wake wako Nairobi, na baba anasema kwa simu kwamba sasa ni wakati wa kalamu na daftari.

La, kalamu ingoje. Kwanza ni kiti. Mtoto anayelala chali mchana kutwa huona paa tu. Hawezi kutumia mikono, kwa maana mikono huhitaji mwili uliotulia. Akiketishwa wima, nyonga zikiwa nyuma kabisa, miguu ikiwa juu ya ubao na meza ikiwa mbele yake, ghafla anaona watu, anafikia vitu, na hata kupumua kunakuwa rahisi. Kiti cha namna hiyo si lazima kitoke ng'ambo. Fundi seremala wa sokoni aweza kukitengeneza, na wako waliofunzwa kukitengeneza kwa makatoni yaliyogandishwa kwa uji wa unga hadi yakawa magumu kama mbao. Lililo muhimu ni vipimo, na vipimo vichukuliwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya kaunti.

Vivyo hivyo kwa kiti cha magurudumu. Shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, limekuwa likitengeneza viti hivyo hapa nchini kwa miaka mingi. Mzazi asinunue kikubwa kwa nia kwamba mtoto atakua akijae, kama tunavyofanya kwa viatu vya shule. Kiti kinachompwaya mtoto humpindisha mgongo.

La pili ni chakula. Muthokoi ni chakula kizuri, lakini punje zake ni ngumu kwa mtoto ambaye ulimi na koo havimtii. Chembe huingia katika njia ya hewa badala ya tumbo, na matokeo yake ni kukohoa kila anapokula na homa ya mapafu inayorudi kila baada ya miezi michache. Chakula kipondwe kiwe laini. Mtoto alishwe akiwa ameketi, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, kwa kijiko kidogo, na kisifuate kijiko cha pili kabla hajameza cha kwanza. Mtoto asilishwe akiwa amelala chali, hata kama ndivyo alivyozoeshwa. Apimwe uzito kila mwezi, kwa sababu mtoto mwenye njaa hajifunzi.

La tatu ni kifafa. Kama ameandikiwa dawa, ni za kila siku, si za siku ya kuanguka. Kuzikatiza ghafla kwa sababu zimeisha na kituo kiko mbali kwaweza kuleta mshtuko mrefu wa hatari. Mzazi wa mjini ahakikishe dawa za mwezi ujao zimefika kabla za mwezi huu hazijaisha. Mtoto akishikwa, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala maji mdomoni, na mshtuko ukipita dakika tano apelekwe hospitali.

Baada ya hayo ndipo tunapofikia somo lenyewe, na somo lake la hatua hii ni kuwasiliana. Macho yake yanafanya kazi, basi yawe ndiyo kalamu. Aonyeshwe vitu viwili, kikombe na mpira, achague kwa kutazama. Akizoea vitu, ahamie kwenye picha mbili, kisha nne, kisha ubao wenye picha za mambo anayoyahitaji: maji, choo, maumivu, nje, susu. Afundishwe ishara moja ya ndiyo na moja ya hapana, na kila mtu wa boma aziheshimu. Lugha iwe Kikamba, lugha anayoisikia. Kuna wazazi wanaotaka ubao huo uwe wa Kiingereza kwa sababu watoto wao wa mjini husoma Kiingereza. Watakuwa wamempa mtoto asiyesema mzigo wa pili.

Hatimaye, katika mwaka huohuo, aandikishwe katika shule ya msingi iliyo karibu yenye kitengo maalum, hata kama atafika huko siku moja tu kwa wiki au kwa mwezi. Siku hiyo moja itamfanya awe mwanafunzi mwenye mwalimu na wenzake.

Mtoto wa pili: msichana wa Kathonzweni

Huyu ana miaka kumi na mitatu na ana hali ya Down. Anatembea, anazungumza kwa maneno machache, anafagia na kuteka maji ya kuku. Alianza shule, akarudishwa nyumbani kwa kuwa hakuwa akiwafikia wenzake. Shangazi yake amemfundisha rangi, nyimbo na kuvaa nguo. Kusoma hajui.

Hapa pia hatua ya kwanza ni hospitali. Watoto wenye hali ya Down mara nyingi husikia kwa shida, huona kwa shida, na wengi huzaliwa na kasoro za moyo. Tezi ya shingo yaweza pia kufanya kazi kwa unyonge ikamfanya mtoto awe mzito, mvivu na mwenye usingizi. Si ajabu mtoto aliyeitwa mjinga kumbe hakumsikia mwalimu. Apimwe masikio, macho, moyo na damu ya tezi, katika Hospitali ya Rufaa ya Makueni mjini Wote au popote watakapoelekezwa.

Pili, asirudishwe kuketi na watoto wa miaka sita. Umri wake unataka heshima yake. Katika njia ya hatua aweza kupimwa na kuingizwa ngazi ya kati, huku macho yakitazama maandalizi ya ufundi. Hesabu yake iwe ya sarafu na noti: atumwe dukani kununua kitu kimoja, kisha viwili, arudi na chenji. Kusoma kwake kuanze na maneno anayokutana nayo, jina lake, choo, hatari, dawa. Kazi za mikono katika sehemu hizo ni nyingi. Kusuka kiondo, kuchagua ndengu, kufuga kuku, kupanga maembe kwa ukubwa. Hizo si kazi za kumpitishia wakati. Kila moja ina mpangilio wa hatua, na kufuata hatua ndiko kusoma kwake.

Tatu, na hili wazazi hulikwepa, msichana huyu anavunja ungo. Afundishwe mapema, kabla damu ya kwanza haijamtisha. Aonyeshwe pedi, jinsi ya kuivaa, kuibadilisha na mahali pa kuitupa, na azoeshwe kwa kurudia mwezi hadi mwezi. Afundishwe majina halisi ya sehemu za mwili wake, ni nani anayeruhusiwa kumsaidia kuoga, na jinsi ya kusema hapana kwa sauti. Wenye kuwadhuru watoto kama hawa huwategemea kwa sababu hudhaniwa hawawezi kueleza. Asiachwe peke yake na kila mgeni, naye ajue mtu wawili wa kuwaambia. Simu ya kuwasaidia watoto, nambari 116, haitozwi pesa na kila mlezi yafaa aiandike ukutani.

Ngazi ya mwisho kwake ni ufundi, na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Chuo kisipoulizwa leo kama kitampokea akiwa na miaka kumi na minane, wakati ukifika kitajibu kwamba hakikujitayarisha.

Mlezi naye ana mwili

Mipango hii yote inategemea mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo hana wa kumpokea. Mvulana wa miaka tisa aweza kuwa na kilo ishirini au zaidi. Kumwinua mara kumi kwa siku, kutoka kitandani, chooni, juani, humvunja susu mgongo. Afundishwe kuinua kwa kukunja magoti, mzigo ukiwa karibu na kifua, na ikiwezekana wawe wawili. Apate siku ya kwenda sokoni au kanisani bila mtoto. Akianza kukosa usingizi, kulia ovyo au kutojali chakula, hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa, na apelekwe kwa daktari.

Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali, chini ya mpango wa Inua Jamii, lakini si kila anayestahili ameingizwa. Njia huanzia kwa kumsajili mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na usajili huanza kwa daktari kumpima. Pesa hizo ni kidogo. Lakini karatasi za usajili hufungua milango mingine, na kazi ya kufuata karatasi ni ya mzazi aliye mjini mwenye simu na nauli.

Serikali mbili, mtoto mmoja

Sasa nije kwa wakuu. Katiba yetu iligawanya kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Hospitali za kaunti na zahanati, pamoja na wataalamu wa viungo waliomo, ni za kaunti. Shule za msingi na elimu maalum ni za serikali kuu. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti tena. Kwa hiyo mvulana wa Mutomo anahitaji mtaalamu anayelipwa kutoka Kitui na mwalimu anayelipwa kutoka Nairobi. Kila mmoja ana ofisi, gari na ripoti yake. Mwalimu huja kumpima asome, akakuta hawezi kuketi, akaenda zake. Mtaalamu wa viungo huagiza mazoezi, lakini hakuna mwalimu wa kuyaingiza katika mchezo wa kila siku.

Pendekezo langu si la fedha nyingi. Katika kila kaunti ndogo, mwalimu wa EARC na mtaalamu wa viungo wasafiri pamoja siku moja iliyojulikana kila mwezi, katika gari moja, wakutane na walezi katika zahanati iliyo karibu, na wawafikie nyumbani wale wasioweza kutoka. Mtoto awe na daftari moja tu, kama kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, ambacho wauguzi, walimu na walezi wote wataandika humo: uzito, dawa, mazoezi, anachoweza, na hatua inayofuata. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walioanza kazi rasmi Septemba 2023 huingia nyumba kwa nyumba. Waongezewe swali moja: je, katika boma hili yupo mtoto wa umri wa shule asiyekwenda shule?

Watakuwapo watakaosema kwamba wataalamu ni wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuwaunganisha badala ya kuwatuma mmoja mmoja. Wengine watasema ni afadhali watoto hawa wapelekwe shule maalum za bweni, na wakae huko. Kwa baadhi yao ni sawa. Shule kama Joytown ya Thika zimewafikisha mbali vijana wengi wenye ulemavu wa viungo. Lakini bweni halimfai kila mtoto, hasa mdogo anayelishwa polepole na mtu anayemfahamu. Na bweni likitumiwa kama mahali pa kumtua mtoto ili familia ipumzike, basi tofauti yake na chumba cha nyuma ni ndogo.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na masomo kamili yakarejea Januari 2021. Katika miezi hiyo nchi nzima iligundua ugumu wa kufundishia watoto nyumbani. Redio zilisoma vipindi, wazazi walilalamika, mawaziri walihojiwa kila wiki. Wale watoto wa kwa susu walikuwa wamekaa hivyo miaka mingi kabla ya korona, na shule zilipofunguliwa wao walibaki palepale.

Kabla ya Januari

Mwezi Desemba mabasi ya Mwingi, Mutomo, Wote na Makindu hujaa watu wanaorudi nyumbani. Mzazi ukiwa mmoja wao, tenga nusu siku kwa jambo hili. Keti na mlezi wa mtoto, umwulize kwanza yeye, kwa maana ndiye anayejua. Andikeni mambo ambayo mtoto anaweza leo, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha andikeni mambo matatu ya mwaka unaokuja: moja la mwili, moja la kuwasiliana au kusoma, na moja la kujitegemea. Kando ya kila jambo andikeni nani atalifanya, lini, na pesa zitatoka wapi. Wekeni tarehe ya kwenda EARC na tarehe ya kliniki. Likizo za Aprili na Agosti zikifika, rudini kwenye karatasi hiyo muone lililofanyika. Lisilofanyika lisigeuzwe lawama kwa susu.

Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto ambaye mwaka huu ametazama kikombe ili apewe maji, mwaka ujao aweza kuonyesha picha ya maji, na mwaka wa tatu akamwambia mgeni asiyemjua kwamba ana kiu. Mpango kama huo waweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Basi jina lake liingizwe katika ile hesabu ya Januari pamoja na ndugu zake, na kando yake paandikwe hatua, si unga na sabuni peke yake.